Kupigwa na Mionzi si Kubeba Mavumbi Yake



Tangu mwaka wa 1945 maneno ya atomu yamesemwa popote duniani, na mara nyingi yamesemwa kwa woga. Woga wenyewe una sababu. Lakini katika woga huo watu wanachanganya mambo mawili yasiyo moja. Wanafikiri ya kwamba mtu aliyepigwa na mionzi amekwisha kuwa yeye mwenyewe sumu: ukimshika mkono utaugua, ukila naye utakufa. Wengine wanakosa upande wa pili: wanashika kwa mikono mavumbi yenye hatari, wanayapeleka nyumbani kwa watoto wao, maana hayachomi wala hayanuki.

Makosa haya mawili si madogo. La kwanza limefukuza watu wasio na hatia, limevunja uchumba, limetupa mawe juu ya jeneza la mtoto. La pili limeua. Basi, inafaa sisi tunaoitwa karibu na wagonjwa na wafu, mapadri, wakatekista na waseminari, tupambanue vizuri mambo haya. Tutafanya hivyo kwa kufuata historia, maana watu wenyewe walijifunza polepole, na masomo yao yaligharimu maisha mengi.

I. Maneno mawili

Kuna vitu ulimwenguni ambavyo atomu zake zinavunjika zenyewe. Zikivunjika zinatupa mionzi. Uraniumu ni kitu cha namna hiyo, na radiumu vilevile. Kuna tena mashini zinazotoa mionzi kwa nguvu ya umeme, kama zile za lopitali zinazopiga picha ya mifupa. Mionzi haionekani kwa macho, haina harufu wala sauti.

Jambo la kwanza ni kupigwa na mionzi. Chanzo kiko pale, mtu yuko hapa, na mionzi inapita katika mwili wake. Ikiwa mingi, inaumiza nyama, damu na mifupa. Lakini yenyewe haikai mwilini. Mashini ikizimwa, mionzi imekwisha, kama vile nuru inavyokwisha chumbani taa ikizimwa.

Jambo la pili ni kuchafuliwa. Hapa kitu chenyewe kinachotoa mionzi, kikiwa mavumbi, maji au hewa, kimekaa juu ya ngozi na nguo, au kimeingia tumboni na mapafuni. Mtu akienda, chanzo kinakwenda naye. Akilala, kinalala naye. Na akigusa kitu, aweza kuacha sehemu yake pale.

Tutwae mfano wa moto wa jikoni. Mtu aliyeota moto akakaribia mno, ngozi yake imeungua. Akirudi kwake ana kidonda, lakini hana moto. Nyumba yake haitawaka kwa sababu ya kidonda kile. Lakini mtoto aliyetumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, akarudi nalo katika kigae, huyo anabeba moto wenyewe. Likianguka njiani, nyasi zitawaka. Wa kwanza amepigwa na joto. Wa pili amebeba kaa. Mbele ya yule wa kwanza tuna kazi ya kumwuguza. Mbele ya wa pili tuna kazi mbili: kumwuguza, na kuliondoa kaa.

II. Mfuko wa Becquerel na makaye ya Bibi Curie

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Udachi, mwalimu Wilhelm Röntgen alivumbua mionzi inayopita katika nyama na kuonyesha mifupa. Mwaka uliofuata, 1896, Mfaransa Henri Becquerel aliona ya kwamba chumvi za uraniumu zinaacha alama juu ya bamba la picha lililofungwa vizuri katika karatasi nyeusi. Mwaka wa 1898 Pierre Curie na mke wake Marie walivumbua radiumu, yenye nguvu kupita uraniumu mara nyingi sana.

Siku zile hakuna aliyejua hatari. Mwaka wa 1901 Becquerel alitembea na radiumu kidogo katika mfuko wa kizibao chake. Radiumu ile ilikuwa imefungwa ndani ya kichupa cha kioo. Hakuna hata chembe iliyotoka. Lakini siku kadha wa kadha nyuma yake, ngozi iliyokuwa mbele ya mfuko ikawa nyekundu, kiisha ikatoka kidonda. Tunaona hapa jambo la kwanza katika usafi wake wote. Kioo kilizuia radiumu, hakikuzuia mionzi. Becquerel alipigwa, hakuchafuliwa. Alipokwisha kuondoa kichupa, alibaki na kidonda tu, na watu wa nyumba yake hawakuwa na la kuogopa kwake.

Habari za Bibi Curie zinafundisha zaidi. Alishika radiumu kwa mikono yake miaka mingi. Tena wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 alipeleka motokari zenye mashini za radiografi karibu na mapigano, ili waganga waone risasi katika miili ya askari. Akafa tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu. Watu wote wakasema: radiumu imemwua. Mwaka wa 1995 Wafaransa walipotaka kuhamisha mabaki yake na kuyaweka katika Panthéon ya Paris, walipima kwanza. Wakakuta radiumu kidogo sana. Ndiyo sababu wataalamu wa Ufaransa wakafikiri ya kwamba yaelekea aliuawa zaidi na mionzi ya mashini zile za vita, zilizompiga pasipo kinga, kuliko na radiumu iliyoingia mwilini.

Lakini tazameni makaye yake ya kazi, yaliyowekwa katika Maktaba ya Taifa huko Paris. Makaye haya yana mavumbi ya radiumu tangu siku alipoyaandika, naye mwenyewe aliyapaka kwa vidole vyake. Yanalindwa katika masanduku ya risasi. Nguvu ya radiumu inapungua nusu baada ya miaka 1,600. Kwa hiyo wajukuu wa wajukuu wetu wataikuta bado. Makaye hayakuugua, hayakufa, lakini yamechafuliwa.

III. Wasichana wa saa, na mganga wa Nagasaki

Mnamo mwaka wa 1917, katika mji wa Orange huko Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka rangi yenye radiumu juu ya nyuso za saa, ili nambari zing'ae usiku. Kwa kuchonga ncha ya burashi waliitia midomoni. Waliambiwa haina ubaya. Kila siku walimeza kidogo. Radiumu inafanana na chokaa ya mifupa, kwa hiyo mwili uliipokea na kuijengea makao katika mifupa. Mionzi yake, ambayo kwa sehemu kubwa ingezuiwa na ngozi kama ingekuwa nje, sasa ilipiga mifupa kutoka ndani, usiku na mchana. Meno yakaanguka, mataya yakaoza, wengi wakafa. Mwaka wa 1925 mganga Harrison Martland alionyesha wazi ya kwamba chanzo ni radiumu waliyoimeza. Wasichana wale hawakupigwa na mashini yoyote. Walibeba kaa ndani yao, na hakuna aliyeweza kulitoa.

Sasa tumtazame mtu wa namna nyingine, anayejulikana na wakristu wengi: Takashi Nagai, mganga wa Nagasaki. Alibatizwa mwaka wa 1934. Kazi yake ilikuwa radiografi. Wakati wa vita filamu zilipungua. Wagonjwa wa kifua walikuwa wengi. Akawatazama kwa macho yake mbele ya mashini, mmoja mmoja, siku baada ya siku. Mwezi wa Juni 1945 aligunduliwa kuwa na kansa ya damu, na akaambiwa amebakiwa na miaka kama mitatu. Bomu lilikuwa halijaanguka bado. Liliangukia mji wake tarehe 9 Agosti, saa tano na dakika mbili mchana. Mke wake akafa katika nyumba yao. Yeye mwenyewe alijeruhiwa, akaendelea kuwauguza watu, kiisha akalala kitandani katika kibanda kidogo, akiandika vitabu, mpaka kifo chake tarehe 1 Mei 1951.

Katika kibanda kile aliishi na watoto wake wawili. Je, alikuwa hatari kwao? La, hata kidogo. Mionzi iliyomwumiza ilipita na kwisha. Alikuwa na ugonjwa wa damu, hakuwa na mavumbi. Watoto waliweza kumkumbatia baba yao.

Lakini si watu wote wa Japani waliojua hayo. Bomu la Nagasaki lilipasuka juu angani, karibu mita 500 juu ya mji, na wengi walioumizwa na mionzi yake walipigwa kwa dakika moja tu. Mahali fulani, kama katika mtaa wa Nishiyama nyuma ya vilima, mvua ilishusha mavumbi ya bomu, na pale kulikuwa na uchafu wa kweli. Lakini woga haukutofautisha. Waliopona waliitwa jina moja, wakakataliwa kazi, na wasichana wao wakakosa wachumba, kana kwamba maafa yao yanaambukiza. Waliumizwa mara mbili: mara ya kwanza na bomu, mara ya pili na jirani.

IV. Goiânia, 1987

Kama tungetafuta habari moja inayoonyesha mambo haya mawili pamoja, tungechagua ile ya mji wa Goiânia huko Brazili. Lopitali moja ndogo ya kutibu kansa ilikuwa imehama, ikaacha mashini yake katika nyumba tupu. Ndani ya mashini mlikuwa na kisanduku cha chuma, na ndani ya kisanduku gramu 93 za chumvi ya sezyumu 137.

Tarehe 13 Septemba 1987 watu wawili maskini waliingia kutafuta vyuma vya kale vya kuuza. Wakatoa kipande kizito, wakakipeleka nyumbani kwa kigari cha mkono. Siku ile ile na ya pili yake walitapika. Mmoja akavimba mkono. Angalieni: sezyumu ilikuwa bado imefungwa. Ni mionzi tu iliyowapiga. Kama mtu mwenye ujuzi angefika siku ile na kukifunika kisanduku kwa risasi, habari ingekwisha pale, na wagonjwa wawili.

Lakini walikitoboa. Kiisha wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Usiku huyo aliona nuru ya buluu ndani, nzuri kama kito. Akawaita ndugu na jirani waje kutazama. Watu walipewa chembe kama zawadi. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka 6 alicheza nayo sakafuni, akala chakula kwa mikono ile ile. Tangu saa ile kaa la moto lilikuwa linatembea: katika nguo, katika noti za fedha, katika mbwa, katika udongo wa uwanja.

Mke wa mnunuzi ndiye aliyeona ya kwamba watu wa nyumba yake wote wanaugua pamoja. Tarehe 28 Septemba alitia mabaki katika mfuko, akapanda motokari ya abiria, akayapeleka kwa wakubwa wa afya. Kwa tendo lile aliokoa mji. Kesho yake mtaalamu mmoja alipima, akajua. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa katika uwanja wa michezo. Waliokutwa na uchafu walikuwa 249. Wengi walihitaji tu kuvua nguo na kuoga kwa maji na sabuni. Wale walioimeza walipewa dawa iitwayo buluu ya Prussia, inayoshika sezyumu tumboni na kuitoa pamoja na choo. Watu wanne walikufa: mwanamke yule shujaa, mtoto yule, na vijana wawili wa kazi. Nyumba kadhaa zilibomolewa, udongo ukaondolewa na kufungwa katika mapipa.

Fanyeni hesabu, ndugu. Katika watu 112,000 na zaidi, 249 ndio waliokuwa na uchafu. Waliobaki hawakuwa na kitu. Lakini watu wa Goiânia walipokwenda miji mingine, walikataliwa katika mahoteli. Mazao yao yalikosa wanunuzi. Maelfu wakaomba cheti cha Serkali cha kuonyesha ya kwamba ni safi. Na siku ya kumzika mtoto yule, kundi la watu lilisimama makaburini likazuia njia na kutupa mawe. Jeneza lilikuwa la risasi, kaburi likajengwa kwa saruji. Hatari yote ilikwisha kufungiwa ndani. Mawe yale hayakumkinga mtu yeyote. Yaliongeza tu machozi ya mama.

V. Hapa kwetu Kongo

Mtu asiseme ya kwamba habari hizi ni za mbali. Shimo la Shinkolobwe, karibu na Likasi iliyoitwa zamani Jadotville, liligunduliwa mwaka wa 1915. Mawe yake yalikuwa na uraniumu mwingi kupita karibu mawe yote ya dunia. Tangu mwaka wa 1922 radiumu ilitolewa katika mawe hayo kwenye kiwanda cha Oolen, huko Ubelgiji. Mwaka wa 1940 tani zaidi ya 1,000 zilipelekwa New York, na sehemu kubwa ya uraniumu wa Wamarekani kwa kazi ya bomu ilitoka hapa, ikachimbwa na kuchaguliwa kwa mikono ya Wakongomani. Mikono ile haikuambiwa inashika nini.

Shimo lilifungwa mwaka wa 1960. Miaka mingi baadaye, wachimbaji wadogo walirudi pale kutafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 Serkali ilipiga marufuku, na mwezi wa Julai mwaka ule ule shimo liliporomoka, likaua watu wasiopungua 8.

Je, hatari ya mahali kama pale ni ipi katika zile mbili? Mtu anayepita kando ya lundo la mawe anapigwa na mionzi kiasi. Akipita na kwenda zake, si neno kubwa. Lakini yule anayevunja mawe, anayevuta mavumbi na hewa ya shimoni, anayekula bila kunawa, na kurudi kwake na nguo zile zile, yeye anachafuliwa, na aweza kuchafua nyumba yake. Kumwambia "usiogope, mawe hayachomi" ni kumdanganya. Na kumkimbia kama mwenye tauni ni kumdhulumu. La kweli ni hili: avue nguo za kazi nje, anawe, aoge, asilete jiwe nyumbani, watoto wasicheze katika mavumbi yale, na maji ya kunywa yasitoke bondeni pale.

Tukumbuke vilevile Mgr Luc Gillon, padri na mtaalamu wa fizika, rekta wa Lovanium. Yeye aliongoza kazi ya kuweka Léopoldville, leo Kinshasa, mashini ya atomu ya masomo, iliyoanza kazi mwaka wa 1959, ya kwanza katika Afrika yote. Wanafunzi walifundishwa kuikaribia kwa kiasi na kwa kipimo, pasipo woga wa upofu na pasipo majivuno. Ndiyo njia tunayoitaka.

VI. Faida kwetu

Tufupishe sasa.

Kwa kupigwa na mionzi kinga ni tatu: kukaa muda mfupi, kusimama mbali, kuweka kizuizi kama risasi au saruji katikati. Kwa uchafu kinga ni nyingine: kutokushika, kutokula wala kunywa pale, kufunika pua na mdomo, kuvua nguo, kunawa. Aliyeshika dawa ya moja kwa ajili ya nyingine hajajikinga. Kunawa hakuondoi mionzi iliyokwisha kupita. Na kusimama mbali na shimo hakumsaidii aliyekwisha kuvuta mavumbi yake.

Mgonjwa aliyetoka kupigwa radiografi, au aliyetibiwa kansa kwa mashini ya mionzi, hana mionzi tena anapotoka mlangoni. Mshike mkono, kula naye, mpake mafuta matakatifu bila wasiwasi. Ipo mionzi ya aina moja, iitwayo nyutroni, ambayo yaweza kuamsha kidogo atomu za kitu ilichokipiga. Lakini hiyo ni ya bomu na ya mashini kubwa za atomu, si ya picha za mifupa. Mgonjwa aliyenyweshwa dawa yenye mionzi, kama iodi kwa ugonjwa wa koo, yeye anabeba chanzo kwa siku kadhaa; waganga watamwambia akae mbali na watoto na akina mama wenye mimba mpaka ipungue. Hapo tufuate maneno yao tu. Na mtu mwenye mavumbi ya kweli juu yake asinyimwe msaada: kumvua nguo za juu na kumwosha kunaondoa sehemu kubwa ya uchafu, na anayemsaidia akijifunika na kunawa amejikinga vya kutosha.

Kwa hiyo, siku tukisikia katika parokia ya kwamba mtu fulani "ana mionzi", tuulize kwanza swali moja: je, amepigwa, au amebeba? Kama amepigwa, anahitaji mganga, na anahitaji sisi karibu naye. Kama amebeba, anahitaji maji, sabuni na mganga, na baada ya hayo anahitaji sisi karibu naye vilevile. Katika majibu yote mawili hakuna mahali pa mawe.